Mkono Aliopewa Nunu

Kila baada ya sala ya Alasiri, Sheikh Suud bin Matar alidarsisha barazani kwake, mtaani Malindi. Watu walimfuata kwa tafsiri zake. Aya ikitaja mkono wa Mwenyezi Mungu, husema, "Mkono huo ni uwezo Wake. Asiye na mfano hana kiganja wala vidole." Mkewe, Bi Badriya, binti wa mwanachuoni, alimsikiliza nyuma ya mlango, na wakikaa kula humsahihisha alipoteleza.

Mwaka mmoja wa mavuno makubwa ya karafuu, Sheikh alioa mke wa pili, Nunu, huko shamba Kizimbani. Bi Badriya alizipata habari kwa jirani. Mumewe aliporudi alimkuta amesimama ukumbini.

"Mkono umeufasiri, jicho umelifasiri, Arshi umeifasiri," alimwambia. "Ulipofika kwenye wake wawili ndipo ukasoma herufi kwa herufi!"

"Ile ni hukumu, Bi Badriya. Hukumu husomwa kama ilivyo."

"Basi isome mpaka kwenye uadilifu."

"Uadilifu ni chakula, nguo na zamu. Moyo haumo."

"Ala! Kumbe uadilifu nao una tafsiri?"

Sheikh akachukua bakora yake akaenda msikitini.

Tangu hapo Bi Badriya hakutulia. Kanzu za mumewe zikirudi kutoka shamba alizinusa akitafuta manukato ya haludi, asipate ila moshi wa kuni. Akilini mwake Nunu alikuwa msichana mwenye shingo ndefu na kicheko chepesi. Alimchukia mpaka chakula kikamshinda. Mwishowe, asubuhi moja mumewe akiwa na shughuli mjini, alikodi punda akaenda kumwona.

Alimkuta mwanamke wa umri wake, mwenye mvi, akianika karafuu huku akiburura mguu mmoja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nunu yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Bi Badriya nusura afurahi. Alikaa mkekani, akapokea kikombe cha kahawa. Nunu, kwa haya, akawa anazungumza tu. Mume wake wa kwanza na watoto wake walikufa kwa ndui.

"Nlikuwa silali," alisema. "Nnawaona wanangu peke yao kaburini. Sheikh alipokuja kutazama karafuu nikamuuliza, 'Mungu ana mkono kweli?' Akanambia, 'Anao, Nunu, na wanao wamo ndani yake.' Tangu siku ile nnalala."

Bi Badriya aliweka kikombe chini. Binti wa pekee wa yeye na Sheikh, Mwanamkasi, alikufa kwa homa miaka ya nyuma, na aliporudi kutoka makaburini Sheikh alikaa naye akamfafanulia kwamba mkono ni uwezo na rehema haina mahali. Naye aliitikia, kwa kuwa dalili zote, hoja za vitabuni, alizijua. Uzuri wa Nunu angeuvumilia. Hili hakuliweza.

"Mwanamkasi alipokufa mimi ulinipa tafsiri," alimwambia mumewe jioni ile. "Yule umempa mkono."

"Yeye aliniuliza akilia. Wewe ulitaka dalili."

"Na mimi nlikuwa silii?"

Sheikh aliinamisha kichwa. "Nliogopa. Ningesema vile ungenisahihisha."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ni kweli ilimchoma Bi Badriya zaidi. Alifunga nguo zake akahamia kwa kaka yake, Himid, Mkunazini. Sheikh alimfuata mara nyingi, na kila mara akarudi peke yake, hata Ramadhani ilipokaribia Bi Badriya akatoka kumsikiliza.

"Ntarudi," alisema. "Lakini leo usinisomeshe. Nambie mwanangu alivyokuwa."

Sheikh akaeleza jinsi mtoto alivyokuwa akificha viatu vya wanafunzi na kujifanya hajui. Akaikosea rangi ya kanzu aliyokuwa akiipenda mtoto. Bi Badriya alimwacha aseme, asimsahihishe, mpaka wakalia pamoja, jambo ambalo hawakulifanya siku ya maziko.

Alirudi Malindi. Zamu za Kizimbani ziliendelea, na wivu haukumtoka. Kila Sheikh alipotandikiwa punda, Bi Badriya alikuwa akigombana na mpishi. Idi ilipofika alimpelekea Nunu kanga, kama inavyompasa mke mkubwa. Alizunguka maduka asubuhi nzima mpaka akaipata ile mbaya kuliko zote.