Mteja wa Kwanza

Mimi ni mwalimu wa Kiindonesia, na nilitaka wanafunzi wangu wasikie lugha ya sokoni, si ile ya vitabuni. Basi asubuhi moja nilificha simu kikapuni, ikirekodi, nikaenda kwa Mama Sarjiyem, muuza vitambaa vya batiki.

"Sitini elfu, mwanangu," alisema kwa Kiindonesia, kisha akanibembeleza kwa Kijava, lugha ya kwao, akazichanganya lugha mbili hizo hadi nikacheka. Sikuwa na nia ya kununua. Nilitaja ishirini, bei ya matusi, ili azidi kusema.

"Ishirini? Kwani unatafuta leso ya kufutia kamasi?" Majirani wakaangua kicheko. Mara akakikunja kitambaa. "Haya, chukua. Wewe ndiye wa kwanza leo."

Hapo nilikumbuka mila ya soko hilo. Noti ya mteja wa kwanza hupigwapigwa juu ya bidhaa zote ili zivute wanunuzi, na mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. Mimi nilikuwa na nauli tu.

"Mama, samahani, sina hela..."

Kicheko kilikatika. Kijava akakiweka kando, akasema Kiindonesia kitupu, taratibu, kama hakimu: "Umenifungulia siku kwa mkosi. Sura yako nimeishika. Usikanyage hapa tena."

Akaanza kuvipigapiga vitambaa kwa mkono mtupu, kimoja baada ya kingine, macho kwangu. Niliharakisha hadi getini.

Darasani huwawekea wanafunzi sehemu ya kicheko ya rekodi ile, nao hufurahi. Yaliyofuata ndiyo Kiindonesia safi kuliko chote nilichowahi kufundisha, na hadi leo sijathubutu kukisikiliza.