Shangazi Atupele, Kivutio cha Wendle

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika Uingereza kwa kupitia mlango wa jikoni. Nilikuwa nakwenda kumwaga maji ya vyombo, hapa hapa kwetu Tukuyu. Nikafungua mlango, na badala ya migomba nikakuta bonde la kijani, mto mwembamba ukipita katikati, na nyumba za mawe ya rangi ya asali zimejipanga ukingoni kama watu wanaosubiri kuitwa majina.

Nikamwaga maji.

"Asante," ulisema mto. "Nilikuwa nimepungua kidogo."

Shangazi Atupele, dada wa marehemu baba, ambaye ninaishi naye, alinifuata amejitanda khanga.

"Hapa ni wapi, Tusekile?"

"Uingereza, Shangazi."

"Mbona hakuna watu?"

"Ni shamba."

Akaridhika, tukaanza kutembea.

Bonde lile lilikuwa na vijiji vitatu vya kihistoria: Wendle ya Juu, Wendle ya Chini, na Wendle ya Kati, ambayo siku hiyo haikuwepo. Tulikuwa tunaangalia kinu cha maji cha Wendle ya Juu, na kabla sijamaliza kukiangalia tukawa tumesimama Wendle ya Chini, mbele ya kanisa lenye mnara mnene. Katikati ya kijiji palikuwa na uwanja wa majani, na katikati ya majani benchi. Shangazi alisema magoti yanamuuma. Akakata uwanja, akaenda kukaa.

Hapo hapo kibao cha mbao chenye maandishi, kilichosimama kando yangu, kikakohoa. Kilikuwa na mguu mmoja na kimevaa koti la mvua.

"Mama yule ana umri gani?" kiliuliza.

"Amepita sabini."

"Ametulia?"

"Amekaa tu, anapumzika."

"Kitu cha umri, kimetulia, mahali pa kale," kilisema Kibao. "Basi amesajiliwa. Kuanzia sasa haguswi, hahamishwi, hakarabatiwi."

"Lakini ni shangazi yangu."

"Alikuwa. Sasa ni kivutio."

Na kweli akaanza kuvuta. Kwanza bata walitoka mtoni kinyumenyume, wakiserereka kwenye majani kuelekea kwenye benchi. Ikafuata kofia ya mtalii, kisha mtalii mwenyewe. Halafu ikaja meza ya chai pamoja na wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wakinywa. Hawakuacha kunywa. Mke alitazama juu tu akasema hali ya hewa si mbaya.

Shangazi alikuwa amefurahi kupita kiasi. Watu walimpiga picha. Alipewa keki ndogo yenye jamu na krimu, akala, akapewa nyingine.

"Tuse!" aliniita kwa mbali. "Hapa sioshi hata kijiko! Wewe nenda nyumbani, mimi nitakuja Krismasi!"

Ndipo nilipoiona miguu yake. Ilikuwa jiwe. Jiwe la rangi ya asali, laini, hadi kwenye vifundo, na kuvu ya kijani imeshaanza kuota katikati ya vidole.

"Hiyo ni kawaida," Kibao kilisema. "Kengele ya jioni ikilia atakuwa amekamilika. Tutamzungushia kamba. Akishakamilika hatakula wala hatasema."

Nilitaka kumkimbilia. Niliponyanyua mguu, majani yote ya uwanja yakapiga kelele kwa pamoja: "Usitukanyage!"

"Sheria ni sheria," Kibao kilisema. "Wageni washike njia."

"Hiyo njia iko wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Uliza kwa kondoo."

Sasa niko ng'ambo ya mto. Sijavuka, ila niko. Mbele yangu kuna lango la mbao, na kando yake kondoo amevaa miwani.

"Soma," ananiambia.

Juu ya lango pameandikwa: FUNGA LANGO NYUMA YAKO. Ninapita, ninageuka, ninalifunga.

"Mbona hujafunga?" anauliza kondoo.

"Nimelifunga. Angalia komeo."

"Imeandikwa nyuma yako. Mgongoni silioni."

Sikuwa na muda wa kubishana. Nilivua khanga yangu, nikaling'oa lango, nikainama na kulifunga mgongoni kama ninavyofunga mtoto. Lilikuwa zito. Lilikwaruza kidogo, likalia kwenye bawaba, nikalipigapiga taratibu likanyamaza.

"Limelala," alisema kondoo kwa sauti ya chini, akanipisha.

Njia ilikuwa imelala katikati ya vichaka viwili, nyembamba, inapanda kilima. Kwa sababu ilionekana ya zamani sana, niliisalimu.

"Shikamoo."

"Marahaba," ilijibu. "Hapa watu hupita tu. Una shida gani, mwanangu?"

Nikaieleza habari ya Shangazi, miguu yake na kengele.

"Sikiliza," ilisema Njia. "Mimi ni mkubwa kuliko kanisa. Wakati wanaweka jiwe lake la kwanza mimi nilikuwa napita hapo, wakanipisha. Njia ya watu haizibwi. Chochote kinachoniziba lazima kiondoke, kiwe kimesajiliwa au hakijasajiliwa."

"Basi pita pale alipokaa Shangazi."

"Ningepita. Lakini siwezi kuhama mwenyewe. Lazima mtu anishike."

Niliwaza kwamba sheria yenyewe ndiyo imesema wageni washike njia. Nikainama, nikaikamata kwenye ncha.

Iliinuka kama mkeka uliolowa, pamoja na kokoto zake, upupu wake, na bwana mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa. Bwana alishika kofia. Niliivuta Njia huku lango likikoroma mgongoni, nikateremka nayo hadi ukingoni mwa mto. Hapo nguvu zikaniishia. Miguu yote iliyowahi kuipita Njia ilikuwa bado imo ndani yake, na uzito wote huo ulikuwa mikononi mwangu.

Ng'ambo, jiwe lilikuwa limefika kifuani kwa Shangazi. Nilimwita, hakugeuka. Mkono wake mmoja ulikuwa umeganda na keki karibu na mdomo. Juu ya kanisa, mnara ulikuwa unavuta pumzi tayari kupiga kengele. Nami nilianza kulia, kwa sababu niliona nitarudi nyumbani peke yangu, na sikujua nitawaambia nini ndugu zangu.

Kibao kikawageukia watalii na kuanza kueleza.

"Mabibi na mabwana, hili ni sanamu la mjane mnyonge. Mume wake alikwenda safari, naye akakaa kwenye benchi hili akimsubiri. Alisubiri, akalia, akasubiri, hadi akawa jiwe. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya maishani."

Watalii wakasema, "Ooo."

Kidevu cha Shangazi kikatikisika.

"Nani?" alisema.

"Tafadhali," Kibao kilimwambia, "vitu vya kihistoria havisemi."

"Nauliza, nani alimsubiri mwanamume?" Sauti yake ilipasua jiwe shingoni, vipande vikadondoka kwenye chai ya wale wazee. "Mimi? Atupele? Nimezika waume wawili na wote nimewalilia vizuri, lakini wakati wa uhai wao wao ndio walikuwa wananisubiri mimi! Nimelima chai, nimejenga nyumba ya bati, nimesomesha watoto wa kaka yangu mpaka wakashiba shule! Halafu kibao unasema sikuwa na cha kufanya?"

"Shangazi!" nilipiga kelele. "Vuta! Wewe si kivutio? Vuta!"

Akaniona. Akaitazama Njia mikononi mwangu, akaelewa mara moja.

"Wamesema mimi ni kivutio," alisema. "Haya. Navuta."

Akavuta.

Njia iliruka kama samaki. Ilipita juu ya mto na mimi nikining'inia kwenye ncha, lango mgongoni limeamka linacheka, bwana na mbwa wake wanafuata nyuma kwa mwendo ule ule wa matembezi. Tukatua uwanjani. Njia ikajinyoosha, ikalala juu ya majani, ikapita sawasawa chini ya benchi.

Majani hayakusema kitu. Yalikuwa chini ya Njia, na Njia ina haki zake.

Kibao kiliinama kikachungulia chini ya benchi.

"Njia imezibwa," kilisema hatimaye. "Kinachoziba... kiondoke."

"Kinaondoka," alisema Shangazi.

Akasimama. Jiwe likambanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha, kuanzia mabegani hadi visigino. Mnara wa kanisa, ambao ulikuwa umeshavuta pumzi yote ile, haukuweza kuirudisha, ukapiga kengele za harusi. Bata wakapiga makofi. Mzee wa chai akaweka kikombe chini, na mkewe akasema hajawahi kumwona akikiweka. Wendle ya Kati ikatokea mbio nyuma ya kilima, nyumba zake zinahema, ikiuliza imekosa nini.

Shangazi alimalizia keki yake. Kisha akasimama mbele ya Kibao, mikono kiunoni.

"Futa hayo maneno."

Kibao kikafuta. Kikafikiri, kikaandika upya: HAPA ALIKAA ATUPELE. AKAINUKA.

"Hapo sawa," alisema Shangazi.

Tukaishika njia, safari hii kwa miguu, yeye mbele amenyoosha shingo kama bibi harusi, mimi nyuma na lango langu. Vijiji vyote vitatu vilitusindikiza hadi kwenye mlango wa jikoni.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshatoka, na nje bomba lilikuwa linatiririka. Nikachungulia dirishani. Shangazi alikuwa ameinama anaosha miguu, ananyoosha kidole kimoja kimoja, anaimba peke yake.

Udongo wa kwetu Tukuyu ni mweusi. Maji yaliyokuwa yakitoka miguuni mwake yalikuwa ya rangi ya asali.

Aliniona ninavyomkodolea macho.

"Nini?" alisema. "Mtu akinawa miguu naye mnamsajili?"