Kisu Alichorushiwa Baba Upepo

Dobák Ambrus hakuwa na mke, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na jino moja la mbele, na kwa siku kumi na tisa hakuwa na upepo. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi, maana alikuwa msagaji wa kinu cha upepo.

Kosa alilifanya mwenyewe. Kimbunga kidogo cha vumbi kilikatiza uani, naye akakirushia kisu, kama tufanyavyo huku kwetu nyandani tukidhani ndani yake kuna mwanamke mchawi. Kisu kikaanguka na tone la damu. Kumbe aliyekuwa akipita ni Baba Upepo mwenyewe! Tangu hapo mabawa ya kinu hayakutikisika.

Wenye kinu cha mvuke huko mjini walimwandikia: njoo ubebe magunia, tunataka jibu Jumamosi. Jumamosi ikafika, na Bibi Terka akaja asubuhi kudai ngano yake.

"Nirudishie, Ambrus. Tumbo halingoji mpaka umalize kununiana na mbingu."

"Vumilia kidogo, bibi."

"Nivumilie nini? Mwombe radhi mzee wa watu!"

"Kwa kitu gani?"

"Unga mweupe. Usimpe pumba, yule si nguruwe."

"Unga nitautoa wapi bila upepo?"

"Mikono hiyo umepewa ya kushikia kiko tu?"

Ambrus akachota ngano ya bibi, akasaga kwa jiwe la mkono hadi adhuhuri. Akapata konzi moja. Akapanda juu ya kinu, akavua kofia.

"Baba, nisamehe. Nilidhani ni mwanamke."

"Usijitetee!" Bibi Terka akapaza sauti kutoka chini. "Omba tu!"

"Nimekosa, Baba. Kula."

Akarusha unga. Ukaanguka wima, wote juu ya shali nyeusi ya Bibi Terka. Bibi akafungua kinywa amtukane, kisha akageukia bega lake. Unga ulikuwa ukimtoka begani taratibu, ukielekea mashariki.

Mabawa yakalia, yakazunguka.

Jioni, ngano yote ya bibi ikiwa imesagwa, Ambrus aliketi akaandika: "Waheshimiwa, nawashukuru. Sitakuja. Hapa nina kazi, na mwenye kazi tumepatana." Akakunja karatasi, akadondosha nta ya mshumaa, akaigandamiza kwa kidole gumba. Bibi Terka akaitia barua kapuni, juu ya unga wake, akaenda nayo posta.