Kapsuli za Kaka

"Mzee, wewe ni mkaidi," daktari alisema bila kuinua macho. "Ungekuwa unatumia dawa, usingehema hivyo."

Kaka, fundi seremala aliyeharibika mapafu kwa vumbi la mbao, alifungua mdomo ajitetee, pumzi ikamkatikia njiani. Dada yake akamjibia.

"Anameza kila asubuhi, mbele ya macho yangu. Kapsuli moja na maji."

Kalamu ikasimama. "Anameza? Mama, hizo hazimezwi! Zinatiwa kwenye kile kifaa mlichopewa pamoja nazo, zinatobolewa, halafu anavuta unga wake."

Kifaa kilikuwa nyumbani kabatini, hakijaguswa.

"Mimi nilidhani ni filimbi," kaka akanong'ona.

Dada hakucheka. Miezi mitano kaka yake alikuwa akilala ameketi, na kila wakija hapa anakemewa kama mtoto.

"Nani alituonyesha?" akauliza. "Dirishani pa dawa tulitupiwa mfuko: moja kila siku, haya, anayefuata! Kapsuli tunameza tangu tuzaliwe. Leo mnamwita mkaidi?"

"Mama, foleni ni ndefu."

"Ili na wao wakameze kama sisi, bila kuonyeshwa? Mungu anakuona, daktari. Siondoki."

Daktari akavuta droo, akatoa kifaa cha kufundishia. Kumbe siku zote kilikuwa humo! Akatia kapsuli, akaitoboa, akamwelekeza. Mara ya kwanza kaka alikohoa. Ya pili unga ukaingia kifuani.

Daktari akashika kalamu tena.

"Bado," dada akasema. "Kwanza mwombe radhi."