Dhamana ya Paa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeitunga methali hii, jamani, hakuwahi kuajiriwa kutunza jengo la ofisi.

Mzee Funguo aliajiriwa. Jina hilo alipewa na wapangaji kwa ajili ya funguo zilizokuwa zikimlia kiunoni kutwa nzima, wakamtania kwamba hata akimnyatia mwizi, mwizi atamwamkia kwanza. Mshahara ulikuwa wa kubabaisha, lakini kazi ilikuja na chumba chini ya ngazi, na humo alikaa na mkewe, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Wakitoka chumbani humo, hawana pa kwenda. Watoto hawakujaliwa, na ndugu, ah, ndugu ni wa siku za neema.

Basi paa la jengo lilipotandikwa mpira mpya wa kuzuia maji, tajiri mwenye jengo alimshika bega. "Mzee, paa hili lina dhamana ya miaka kumi. Dhamana hiyo naiacha mikononi mwako. Itunze."

Wewe ungeelewaje? Tajiri alimaanisha ahadi ya kampuni: likivuja, wanatengeneza bure. Mzee Funguo alielewa kwamba yeye ndiye aliyepewa dhamana, kama mtu anavyokabidhiwa mtoto wa watu. Alishinda siku ile kifua mbele. Tangu hapo akawa anapanda kulifagia paa utadhani ni sebule yake.

Ndipo alipoliona lengelenge kwenye mpira, karibu na bomba la maji, limepasuka mdomo. Mvua zilikuwa mlangoni. Angojee nini? Aliyeyusha lami, akapaka, akalaza kiraka, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikashika. Akashuka na mikono myeusi tititi.

"Umetoka kuzimu?" mkewe akamcheka.

"Nimetoka kazini," alijibu, na kweli alikuwa na furaha.

Mvua ilipokuja, maji yakaingilia upande mwingine kabisa, mbali na kiraka, yakaangusha dari za ofisi za juu. Tajiri hakubabaika, si dhamana ipo? Akaita kampuni. Mkaguzi wao akaja, Mzee Funguo akamtangulia yeye na tajiri kufungua mlango wa paa. Mkaguzi alizunguka, kisha akachuchumaa penye lami.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi!" Mzee alidakia, akichelea sifa isije ikaenda kwa mwingine. Loo, masikini!

Mkaguzi akamgeukia tajiri. "Bosi, mkono usio wetu ukishagusa paa, dhamana imekufa. Ya paa zima."

"Lakini hapo hapavuji!" Mzee akasema. "Hebu pamwagie maji uone!"

"Sikusema panavuja, mzee wangu. Nimesema pameguswa."

Tajiri akamgeukia mzee. "Nilikwambia utunze!"

"Nimetunza, bosi. Hakuna aliyeniambia nisiguse."

Tajiri akanyoosha mkono. Mzee akadhani amesamehewa, akafuta kiganja chake kwenye suruali ili aupokee. Kumbe tajiri alikuwa anataka funguo.

Kesho yake walihama, na kwenda wapi hata wao hawakujua. Mzee alimtoa mkewe chumbani, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki hapo penye ngazi, akarudi kuchukua godoro. Alitembea bila sauti yoyote kiunoni, na ukimya huo ulimuuma kuliko matusi ya tajiri. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Godoro likiwa kichwani, mvua ikaanza. Tone likaanguka ngazini, likafuata jingine, mara maji yakawa yanachuruzika kutoka juu. Mzee akalitua godoro, akainama kuchukua ndoo yake ayakinge.

"Usiguse, mume wangu," mkewe akamwambia, na alikuwa analia. "Nakuomba. Usiguse."

Akaiacha ndoo pale pale pembeni, akajitwika tena godoro.