Bahari Hupita Chini

Siku ya kwanza Kanze alipotia chumvi katika chai, watu wa nyumba walicheka. Siku ya pili wakacheka kidogo. Siku ya tatu Nyevu, mke wa mwanawe, alikunywa amefumba macho kama anayemeza dawa. Alimjua mkwewe. Mwanamke aliyewahi kumficha bwana harusi kiatu kimoja mpaka akaoa pekupeku, utamuuliza nini habari ya chai?

Kumbe safari hii mzaha haukuwamo. Mafua yaliyopita Kilelengwani mwezi uliotangulia yalimwachia Kanze miguu na pumzi, yakaondoka na ladha. Pilipili, sukari, chumvi, vyote kwake vilikuwa kama kulamba sahani iliyooshwa. Kwa bibi mwingine jambo hili ni dogo. Lakini Kanze ndiye aliyekuwa akiwaonjea watu mto.

Mpunga wa pale haunyweshwi kwa pampu. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huja na bamvua. Hujaa huko Kipini, mto unakoishia, ikausukuma mto wa Tana kwa kifua hadi mto ukarudi nyuma, ukapanda kingo. Hapo wakulima hufungua mdomo wa mfereji, na maji matamu huingia shambani bila mtu kuinua ndoo. "Mashine ya Mungu," Kanze husema. "Haitaki dizeli wala fundi kutoka Garsen."

Ila kiangazi kikikaza huko juu, mto hukonda, na bahari hupanda nayo yenyewe, na chumvi yake. Chumvi kidogo tu, ambayo mtu mwenye kiu haisikii, huunguza miche kwa siku tatu. Ndiyo maana kabla ya kufungua lazima mtu aonje. Kwa miaka thelathini na moja mtu huyo alikuwa Kanze, na katika miaka hiyo yote hakwenda kuiona bahari hata mara moja. Alikuja kutoka Ganze akiwa bibi harusi, akafika mtoni, akatua mzigo. Akiulizwa kwa nini haendi Kipini, hujibu, "Aje yeye. Mimi ndiye mwenye nyumba."

Na bahari ilikuja, haikuwahi kuja mikono mitupu. Ilileta mikizi wakiruka majini kama vijiko vilivyorushwa. Ilileta kamba wadogo, weupe kama kioo, unaona mpaka walichokula. Mwaka mmoja ilileta pomboo wawili hadi mbele ya kijiji, wakapumua kwa sauti kama wazee wanaoketi chini. Kanze alisimama ukingoni siku nzima, ugali ukamuungulia jikoni, akasema mwenye wageni wa namna hii lazima nyumba yake ni kubwa sana.

Sasa asubuhi ya bamvua ilifika. Mpunga ulikuwa na mwezi mmoja, majani yameanza kujikunja kwa kiu. Wasingepata maji leo, wangengoja wiki mbili, na mpunga usingengoja. Watu walikuwa mdomoni mwa mfereji na majembe. Dzombo, mwenyekiti wa wakulima, alimpa Kanze kata ya kwanza ya maji kwa mikono miwili.

"Haya, hawe, bibi yetu. Tuambie."

Kanze aliyavuta maji mdomoni, akayazungusha, akayatema kwa madaha. Hakuna kitu. Hata tope halikuwa na ladha ya tope. Akaonja tena. Watu wakamtazama midomo.

"Mama Baya," Roba akamwita Kanze kwa jina la mwanawe, kutoka ng'ambo ya mfereji. Alikuwa mchungaji wa Kiorma, rika la Kanze, amekuja kunywesha ng'ombe. "Wewe naonja ama nakunywa chai? Ng'ombe yangu iko na haraka kuliko wewe."

"Ng'ombe wako wana haraka kwa sababu wanakukimbia, mzee."

Watu wakacheka. Kanze naye akacheka. Angeweza kusema ni matamu. Angeweza kusema ni ya chumvi. Neno lolote wangelishika. Akatazama majani ya mpunga yaliyojikunja, shamba baada ya shamba, akaona hapa si pa kubahatisha.

"Sikilizeni," akasema. "Ulimi wangu umekufa. Tangu yale mafua sisikii ladha."

Kisha Dzombo akapasuka kwa kicheko, na wengine wakafuata.

"Hawe Kanze jamani! Hata leo?"

"Nasema kweli."

"Na mimi ni mjukuu wa pomboo! Maji matamu, fungueni!"

Wakainua majembe. Kanze aliona miaka yake yote ya mizaha imerudi siku moja kudai. Hakuwa na maneno tena ya kuaminika, kwa hiyo akatumia kilichobaki. Akakunja leso, akashuka, akaketi kitako juu ya udongo ule ule uliotakiwa kuchimbwa.

"Chimba basi, Dzombo. Anza na mapaja."

Dzombo akabaki na jembe hewani. Hapo Nyevu akapiga kelele nyuma ya watu.

"Chai! Ni kweli! Siku tatu tunakunywa chai ya chumvi, na yeye anakunywa nasi, anasema nzuri!"

Kicheko kikakauka. Mtu mmoja akashusha jembe, kisha wote.

"Njoo hapa, mwanangu," Kanze akamwambia Nyevu, bila kuinuka. "Leo ulimi ni wako. Onja ya juu."

Nyevu akachota, akaonja. "Matamu."

"Ndiyo. Ya juu siku zote husema uongo. Bahari ni nzito na ina adabu zake, haipiti juu ya kichwa cha mto. Hupita chini, inatambaa kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Funga chupa kwenye ncha ya ule mti mrefu wa kupimia maji. Itie kizibo chenye kamba, ishushe mpaka iguse tope, ndipo uvute kizibo."

Nyevu akafanya. Maji ya chini yalipomgusa ulimi, uso ulibadilika.

"Chumvi iko wapi, mama? Kwenye ncha ya ulimi sisikii. Hapa pembeni, nyuma, kama nimelia."

"Hiyo ndiyo yenyewe!" Kanze akapiga makofi. "Kama umelia. Miaka yote nimetafuta neno la kuisema, nawe umelipata kwa chupa moja. Sasa shusha nusu ya mti."

Nusu ya mti palikuwa patamu. Kanze akainuka, matope yamemshika nyuma, hakuyajali. "Usichimbe mpaka chini, Dzombo. Kata shibiri moja ya juu tu. Tuchukue ya mto, ya bahari tuiache ipite."

Wakakata shibiri moja. Mto ulikuwa umejaa hadi ukingoni, umeinuliwa na kitu kisichoonekana, na maji yakaingia taratibu, ya rangi ya chai ya maziwa, yakafuata mfereji hadi kwenye mizizi. Roba mwenyewe alivua kofia.

"Huyu bahari," akasema, "ana nguvu, na hana kelele."

"Ndivyo anavyonishinda," Kanze akajibu.

Nyevu akaendelea kuonja, Kanze akatazama. Ulimi ulikuwa umekwenda, macho yalikuwapo. Maji yalikuwa yamefika shamba la mwisho alipoona kitu kikiruka ukingoni mwa mfereji, chepesi, cheupe kama kioo.

"Kamba! Amefika! Funga!"

"Bado naonja matamu," Nyevu akasema.

"Yeye hatangulii mbali na maji yake ya chumvi. Funga!"

Majembe yakaanguka juu ya udongo, mdomo ukazibwa. Nyevu akaonja mara moja zaidi, akashika shavu. Kama amelia.

Kanze akamwinua yule kamba kwa viganja viwili, akamtazama moyo wake mdogo ukipiga ndani ya kioo, akamrudisha mtoni. "Mwambie mwenye nyumba kubwa tumepokea. Na mwambie mwezi mpevu Kanze anakuja kumwona huko Kipini. Hapa ana mtu mwingine wa kumpokea."

Jioni Nyevu alimletea chai. Kanze akanywa, akasubiri, akamtazama yule mke wa mwanawe aliyekuwa anauma mdomo wa chini kuzuia kicheko.

"Umetia nini humu?"

"Onja, mama," Nyevu akasema. "Wewe si ndiye fundi?"