Mtoto wa Kubadilishwa na Maji

Chiriku hakumwogopa yule dudu hata chembe, na kosa lilikuwa la mama yake, fundi cherehani wa studio. Nani alimtuma amshone kiumbe wa anga sebuleni, mbele ya mtoto wa miaka sita? Wiki tatu nzima Chiriku alimshikia pini, akajaza pamba kwenye yale masikio manne, akachagua mwenyewe vifungo vya macho. Tena alijua ndani ya ngozi ile yumo mjomba wake, fundi umeme wa studio, mtu anayekoroma hata akiwa amekaa.

Basi kila kamera ilipowaka na dudu akanyoosha kucha, mtoto alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kata!" mwongozaji akafoka, mara ya tisa.

Sehemu ile ya tamthilia ilikuwa hivi: mji umekauka, watu wanakufa kwa kiu, na wageni wa angani wako tayari kurudisha maji wakipewa mtoto mmoja tu. Mtazamaji alitakiwa akose usingizi akijiuliza: ningekuwa mimi, ningemtoa? Lakini nani atajiuliza, kama mtoto mwenyewe anaondoka akichekelea kama anayepelekwa kwenye bembea?

Mwongozaji akamvuta mama mtu hadi chumba cha mavazi.

"Mama Chiriku, ulinililia hapa ukasema mwanao ana kipaji. Sasa mpwa wa mwenye studio yuko nje, na yule analia kama bomba lililopasuka. Akiingia, anaingia na fundi cherehani wao. Umenielewa?"

"Bosi, niachie dakika kumi nimwelekeze."

"Tumeelekeza tumechoka. Dudu hamwogopi. Mwambie wewe umemtoa kweli. Kamera itakuwa inachukua. Ukimaliza mpe peremende, yaishe. Watoto husahau."

Fundi cherehani akarudi mbele ya kamera. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, taa zikamulika.

"Chiriku, nenda na huyu. Sikutaki tena."

"Mama muongo!" Mtoto akacheka. "Mjomba, hebu koroma!"

Dudu akatikisika kwa kicheko. Nyuma ya kamera, mwongozaji akaunyooshea mlango kidole.

Uongo mtupu ulikuwa umegoma, ulitaka kuchanganywa na kweli. Fundi akauchukua mkono wa mtoto, akauweka tumboni mwake, chini ya gauni pana alilojishonea ili kuficha miezi mitano.

"Unasikia? Humu mna mtoto. Huyu ndiye ninayemtaka. Nyumba yetu haiwatoshi wawili, ndiyo maana nimekutoa wewe."

Chiriku akabonyeza. Tumbo lilikuwa gumu. Kitu kikasogea ndani, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Anaitwa nani?"

"Bado hana jina."

"Utampa nguo zangu?"

"Ndiyo."

Mtoto akafikiri kidogo. Kisha akavua ndala zake, moja baada ya nyingine, akazipanga mbele ya magoti ya mama yake.

"Na hizi pia, basi."

Akageuka, akaenda peku mpaka kwa dudu, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Kata!" Mwongozaji alikuwa anajifuta macho. Watu wakapiga makofi.

Fundi akakimbia, akamkumbatia mwanawe. "Ulikuwa mchezo, mama! Mchezo tu, nisamehe!"

Chiriku alisimama wima kama kijiti ndani ya mikono ile. Akalitazama tumbo.

"Na mtoto naye ni mchezo?"

Dudu akavua kichwa. "Eh, dada! Kumbe una mzigo na hukuniambia?"

Fundi akamgeukia mwanawe. Akamjibu kwa sauti ndogo. "Yupo, mama. Yupo kweli."

"Haya," akasema Chiriku.

"Safi sana!" mwongozaji akaita. "Tunarudia kutoka upande wa pili, nipate uso vizuri. Mama Chiriku, maneno yaleyale. Mvishe ndala, aje azivue tena."

Fundi akamtazama mwongozaji, akautazama mlango. Akapiga magoti, akashika ndala. Chiriku, ambaye siku zote alijishikiza kwenye bega la mama yake akivishwa, safari hii alishika mguu wa dudu.

"Sema tu," akamwambia mama yake. "Sicheki tena."

Kamera ikawaka. Na fundi akasema, neno kwa neno.